Nakshi ya Uzi wa Rangi Moja

Katika sanaa za mikono zinazohusu nguo, aghalabu pambo huja baada ya kitambaa kwisha kufanyika: mtarizi hupokea nguo iliyofumwa na mwingine akaipitisha uzi wake wa hariri, na mpiga chapa wa kanga hupata jora jeupe akalitia rangi na maneno. Mfumaji wa sweta hana kitambaa cha kuanzia. Akitaka sweta yake iwe na vinundu, kamba, ngazi au macho ya nyavu juu ya uso wake, sharti kitambaa na pambo vizaliwe pamoja, kitanzi kwa kitanzi, katika mwendo mmoja wa mikono, hata ikawa hapana ndani ya nguo hiyo uzi mmoja unaoweza kuondolewa kwa hoja ya kuwa ni wa urembo tu. Habari za ufumaji wa namna hiyo, ambao uzuri wake hautokani na rangi bali na miinuko na mabonde ya uzi wenyewe, ndizo nitakazo kuzieleza hapa, kwa kuwa naona ni maarifa makubwa yanayodharauliwa kwa sababu tu hukaa mikononi mwa wanawake walio barazani wakizungumza.

Ufumaji ninaousema ni ule wa sindano mbili ndefu, au wa sindano nne na tano fupi zenye ncha pande zote mbili, wala si ule wa kulabu moja unaotupatia vitambaa vya kutandika makochi na meza, ambao nao ni sanaa aali na una wajuzi wengi katika nchi zetu. Asili ya kazi ni ndogo sana. Vitanzi vimepangwa juu ya sindano ya mkono wa kushoto. Mfumaji hupenyeza ncha ya sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, huzungusha uzi juu ya ncha hiyo, huuvuta ukapita ndani ya kitanzi, kisha kile cha zamani hukiachia kikadondoka, na kipya kikabaki juu ya sindano ya kulia. Ikiwa uzi umekaa nyuma ya kazi na sindano imeingia kutoka mbele, kitanzi kipya hutokea mbele kimelala laini, na miguu yake miwili hufanya umbo la herufi V. Ikiwa uzi umeletwa mbele na sindano imeingia kutoka nyuma, kitanzi kipya hutokea upande wa nyuma, na kichwa cha kile cha zamani huachwa mbele kimekaa mlalo, kikawa kinundu. Cha kwanza na tukiite kitanzi cha uso, na cha pili kitanzi cha mgongo. Na kwa hakika hivyo viwili ni kitu kimoja, maana kila kitanzi cha uso ukikigeuza upande wa pili ni cha mgongo, na kila cha mgongo ni cha uso. Mapambo yote nitakayoyataja, hata yale yanayomfanya mtazamaji adhani ya kuwa yamechongwa, yametoka katika hivyo viwili.

Ila haitoshi kujua kuvifuma. Yafaa kujua tabia yake, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Uzi uliokunjwa ukawa kitanzi haukubali kukunjwa kwa radhi, bali siku zote hutaka kunyoka, na kwa ajili hiyo kitambaa cha vitanzi vya uso vitupu hakitulii mezani: kingo zake za kulia na kushoto hujikunja kwenda nyuma, na kingo za juu na chini hujikunja kuja mbele. Mfumaji mwanafunzi huliona jambo hili kuwa ni kero, na huvuta kitambaa na kukinyoosha kwa kiganja, nacho kikarudi kule kule. Fundi huligeuza likawa chombo chake. Akipanga vitanzi vya mgongo kimoja juu ya kingine, katika safu inayosimama, safu hiyo hudidimia nyuma, na safu za uso zilizo jirani hukutana juu yake na kuificha, kitambaa kikawa na mifereji, kikabana na kuvutika. Ndiyo kazi iliyopo kwenye vifundo vya mikono na kiuno cha kila sweta ya shule. Akivipanga vitanzi vile vile vya mgongo kando kwa kando, katika mstari unaolala, mstari huo haudidimii kabisa, bali hutokeza mbele ukawa tuta. Kitanzi ni kile kile, uzi ni ule ule, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni jirani zake tu, na kwa mabadiliko hayo kilichokuwa bonde kimekuwa mlima. Sijui kanuni nyingine katika kazi za mikono iliyo nyepesi kuisema na yenye matunda mengi kuliko hiyo.

Mfano ulio bora wa kuanzia ni ule mfumo ambao Waingereza huupa jina la kuvu ya mawe, na wengine jina la mbegu, kwa kuwa uso wake wote umejaa vinundu vidogo vilivyosambaa sawasawa. Anzisha vitanzi 21. Fuma kimoja cha uso, kimoja cha mgongo, kimoja cha uso, kimoja cha mgongo, mpaka mwisho, nacho cha mwisho kitakuwa cha uso kwa sababu idadi haigawanyiki kwa mbili. Geuza kazi, ufume mstari wa pili kwa maneno yale yale, ukianza na cha uso. Kile kitanzi cha uso ulichomalizia sasa kinakutazama kwa mgongo wake, nawe unafuma cha uso juu ya kinundu. Na kinachofuata kinakutazama kwa uso, nawe unafuma cha mgongo juu ya ulaini. Na hivyo, mstari baada ya mstari, kila kinundu kinakaa juu ya ulaini na kila ulaini juu ya kinundu, kama miraba ya ubao wa dama. Kitambaa kitokanacho na kazi hiyo hakijikunji upande wowote, kwa sababu kila kitanzi kinachovuta huku kina jirani anayevuta kule. Kinafanana mbele na nyuma. Na ni kinene kuliko kitambaa laini cha uzi ule ule.

Sasa ongeza kitanzi kimoja tu, viwe 22, usibadili neno hata moja katika maagizo. Ukigeuza kazi baada ya mstari wa kwanza utaona ya kuwa kitanzi ulichomalizia kilikuwa cha mgongo, na kinakutazama kwa uso wake, nawe unafuma cha uso juu ya uso, na cha mgongo juu ya mgongo. Na baada ya mistari kumi huna vinundu vilivyosambaa, una mifereji inayobana. Ongezeko la kimoja juu ya ishirini na kimoja limegeuza nguo nzima. Hapo ndipo mtu hufahamu kwa nini mfumaji wa mapambo haya huonekana akitikisa midomo yake pasipo kutoa sauti, na kwa nini akisemeshwa katikati ya mstari hujibu baada ya kitambo: yumo katika hesabu, na hesabu hiyo haina daftari. Wajuzi hatimaye huacha kuhesabu, wakasoma kitambaa chenyewe kwa macho na kwa ncha za vidole, wakijua kwa kukigusa kitanzi kilicho chini ya sindano ni kipi kinachofuata. Lakini hapana aliyefika huko pasipo kupita katika hesabu.

Wako wanaodhani ya kuwa kazi hii ilizaliwa katika nchi za theluji, na ya kuwa watu wa nchi za joto wameiazima. Dhana hiyo haina msingi. Vipande vya kale vya ufumaji wa kweli wa sindano vilivyohifadhiwa hata leo vimetoka Misri, katika zama za Kiislamu, takriban karne ya 11 hadi ya 14, na vilivyo mashuhuri miongoni mwake ni soksi za pamba nyeupe na buluu, nyingine zikiwa zimefumwa maandishi ya Kiarabu. Mafundi wa Kiislamu waliitia sanaa hiyo katika nyumba za wafalme wa Kikristo wa Hispania. Na katika makaburi ya Las Huelgas, karibu na mji wa Burgos, ulionekana mto wa hariri katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, umefumwa kwa vitanzi vidogo mno, takriban 20 katika inchi moja, na juu yake limefumwa kwa herufi za Kikufi neno baraka. Lakini mapambo ya kazi hizo yalikuwa ya rangi juu ya rangi, na uso wa kitambaa ulikuwa laini kila mahali. Kitanzi cha mgongo kilichelewa kupewa heshima yake. Na miongoni mwa ushahidi wa mapema wa kutumiwa kwake kwa ajili ya pambo ni soksi ndefu nyekundu za hariri alizozikwa nazo Eleonora di Toledo, mke wa mtawala wa Florence, mwaka 1562.

Walakini haikuwa katika hariri ya wakuu ambapo sanaa ya uzi wa rangi moja ilifikia kilele chake, bali katika sufu ya wavuvi. Katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa viko visiwa viwili, Jersey na Guernsey, ambavyo majina yake mpaka leo yamebaki katika lugha za Ulaya kuwa majina ya nguo za kufuma. Na wakazi wake waliishika kazi hii kwa bidii kubwa kiasi kwamba mwaka 1608 serikali ya Jersey ililazimika kuweka sheria ya kuwakataza watu waliopita umri wa miaka 15 wasifume wakati wa mavuno na wakati wa kukusanya mwani wa kurutubishia mashamba, kwa maana waume kwa wake walikaa na sindano zao ilhali nafaka imesimama kondeni. Kutoka huko, na kwa njia nyingine nyingi, sweta ya mvuvi ilienea kando ya pwani yote ya Uingereza na Uskoti, na katika karne ya 19 ilikuwa ndiyo vazi la kila mtu aendaye baharini, kutoka Polperro kule Cornwall hata Whitby na Filey katika Yorkshire, na kaskazini zaidi hata visiwa vya Hebrides. Mpiga picha Frank Meadow Sutcliffe, aliyeishi Whitby, aliwapiga picha wazee wa bandari ile wakiwa wamevaa sweta hizo, na katika picha zake mtu anaweza kuhesabu vitanzi.

Sweta hiyo ilifumwa kwa uzi wa sufu wa nyuzi tano zilizosokotwa pamoja kwa nguvu, juu ya sindano tano nyembamba za chuma, kwa mzunguko, pasipo mshono ubavuni. Kwapani palitiwa kipande cha umbo la almasi ili mwenye kuvaa aweze kuinua mikono na kuvuta jarife bila nguo kumkaza. Mfumo wa mbele na wa nyuma ulikuwa mmoja, ili siku moja sweta ivaliwe huku na siku nyingine kule, isichakae upande mmoja. Mikono haikufumwa kando ikashonewa, bali vitanzi viliokotwa begani na kufumwa kuteremka hata kifundoni, na faida ya jambo hili ni kubwa: mkono ukichakaa kwenye kifundo, mahali ambapo chumvi na kamba hula kwanza, mama wa nyumba aliukata uzi, akaufumua mpaka palipo pazima, akaokota vitanzi na kuufuma upya, na nguo ikaendelea kuishi miaka. Tukadirie kazi yenyewe: ikiwa inchi moja ina vitanzi 8 kwa upana na mistari 12 kwa urefu, na kifua ni inchi 40 na kimo ni inchi 24, basi kiwiliwili peke yake kina vitanzi zaidi ya 90,000, na mikono haijaanzwa. Vitanzi hivyo vilifumwa na wanawake waliokuwa na watoto wa kulea na chambo za kutia katika ndoana, wengi wakifuma huku wakitembea, sindano moja imeshikwa na kijiti cha mbao kilichochomekwa mshipini, kijiti ambacho katika sehemu za kaskazini kijana alimchongea mchumba wake akakitia mapambo na herufi za jina lake.

Kifuani na mabegani ndipo palipowekwa nakshi: ngazi, nanga, bendera, mifupa ya samaki, almasi za macho ya nyavu, vinundu vya mvua ya mawe, na ile mistari ya kupinda huku na huku ambayo wengine waliisema kuwa ni njia za majabali ya pwani na wengine kuwa ni heri na shari za ndoa. Kamba zilitaka hila ya ziada: katika vitanzi sita vya uso vilivyozungukwa na vya mgongo, fundi huvitoa vitatu vya kwanza akavitia katika kisindano kifupi, akakiacha kikining'inia mbele, akafuma vitatu vinavyofuata, kisha akavirudia vile vilivyosubiri, vitatu vimewavuka jirani zao, na baada ya mistari kadhaa akirudia tendo hilo hilo, kamba imejisokota juu ya kifua cha mwanadamu. Wala mapambo haya hayakuwa ya macho tu. Kila tuta na kila kinundu kiliongeza unene mahali ambapo baridi hupiga kwanza na kukamata hewa kati ya nyuzi, na hewa iliyotulia ndiyo kinga ya joto la mwili. Na sufu yenyewe ina sifa ya kufyonza unyevu uliokaribia theluthi ya uzito wake kabla mwenye kuivaa hajajiona amelowa.

Kinachonigusa katika habari hizi ni ya kuwa uzi uliotumiwa ulikuwa aghalabu wa buluu iliyokoza karibu na weusi, rangi inayoficha nakshi kuliko zote. Mtu aliyesimama mbali haoni kitu. Sharti mwanga uje kwa ubavu, wa asubuhi au wa alasiri, ndipo matuta yatupe vivuli vyake katika mabonde na ngazi na almasi zijitokeze. Na sharti mtazamaji awe karibu. Kazi hiyo basi ilifanywa kwa ajili ya watu wa nyumbani na wa bandari moja, ambao macho yao yalijua pa kutazama, na fundi hakuipunguza kwa hoja ya kuwa wageni hawataiona.

Iko hadithi mashuhuri isemayo ya kuwa kila kijiji kilikuwa na mfumo wake usioigwa na kingine, ili mvuvi akizama na maji yakimtupa pwani ya mbali, watu wajue pa kumpeleka kuzikwa. Hadithi hiyo siiamini kwa ukamilifu wake, ingawa hakuna shaka ya kuwa mke aliijua kazi ya mikono yake, na ya kuwa sweta nyingi zilifumwa herufi za jina la mwenyewe juu ya pindo la chini. Wanaoieneza hupenda kutaja tamthilia ya Mwairlandi J. M. Synge, iliyochezwa mwaka 1904, ambamo mtu aliyezama hutambuliwa kwa soksi. Lakini humo kilichomtambulisha ni vitanzi vilivyoangushwa na dada yake alipokuwa akifuma, si mfumo wa kijiji. Na mifumo haikuweza kufungwa kijijini, kwa sababu wasichana wa Uskoti waliisafirisha. Hao, kila mwaka, walifuatana na majahazi ya wavuvi wa samaki aitwaye heringi, kutoka visiwa vya Shetland kuteremka bandari kwa bandari hata Great Yarmouth na Lowestoft, wakifanya kazi kwa vikundi vya watatu, wawili wakipasua samaki na mmoja akiwapanga kwa chumvi katika mapipa, vidole vyao vimefungwa vitambaa kwa kuogopa kisu na chumvi; na saa za mapumziko vidole hivyo hivyo vilishika sindano. Msichana aliyeona ngazi nzuri kifuani mwa mvuvi wa bandari ngeni aliisoma kwa macho, na alfajiri ya siku ya pili ilikuwa imeingia katika kazi yake.

Mashine nayo ilijaribu mapema. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee, wa Calverton katika jimbo la Nottingham, aliunda mtambo wa kufuma soksi, nao ulifanya kwa haraka kitambaa laini cha vitanzi vya uso. Lakini mtambo wa namna hiyo haukupata njia iliyo nyepesi ya kutia safu za kitanzi cha mgongo mpaka Jedediah Strutt wa Derby alipouongezea jamii ya pili ya sindano na kupata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1759. Miaka 170 ilipita, basi, kabla chuma hakijajifunza kufanya mifereji ambayo mtoto wa mvuvi aliifanya kwa kuleta uzi mbele na kuurudisha nyuma.

Katika nchi zetu, watu wa milimani, kule Lushoto, Njombe na Limuru, hawahitaji kuambiwa faida ya sweta; na hata mkazi wa pwani asiyeivaa anaweza kuisoma sanaa hii kwa gharama ndogo, kwa kupita kwenye magenge ya mitumba na kutafuta sweta ya rangi moja yenye kamba au vinundu, akaigeuza ndani na nje, akatazama jinsi bonde la upande huu lilivyo tuta la upande ule. Wako wanaonunua sweta kama hizo ili wazifumue na kupata uzi, na mtu akifumua polepole, mstari mmoja mmoja, kila kitanzi humwonyesha kilivyokaa kabla hakijafunguka. Hakuna mwalimu mwenye subira kuliko huyo.

Anayetaka kuanza na achague uzi wa rangi nyepesi, usio na madoa wala manyoya mengi, kwa kuwa madoa huua vivuli na manyoya huficha vinundu. Pamba yafaa kwa joto letu na huonyesha vitanzi waziwazi, ingawa haina mvuto wa sufu, na mifereji yake hulegea upesi. Kwa hiyo kiuno na vifundo vifumwe kwa sindano nyembamba zaidi kuliko za kiwiliwili. Kabla ya nguo nzima na afume kipande cha upana wa inchi 5 au 6, akioshe, akilaze juu ya taulo kivulini kikauke, ndipo apime vitanzi vyake kwa inchi, maana kitambaa kilichooshwa hakilingani na kilichotoka sindanoni sasa hivi. Na kikiisha kukauka kisipigwe pasi: uzito na joto lake hulaza matuta, na yakiisha kulazwa ni taabu kuyasimamisha tena.